Kiti cha Njeru na Orodha ya Marehemu

Mwezi wa Machi, 1998, tulimzika binamu yangu Njeru, na pamoja naye nikapoteza mtu pekee aliyewahi kunifundisha kompyuta bila kunicheka. Aibu ninayosimulia nilianza kuitengeneza mwenyewe, wiki ileile.

Njeru alikuwa ameandika programu ya rejista ya kanisa: waliobatizwa, waliooana, waliofariki. Aliigawa bure kwa diski, na ndani yake aliacha maandishi yote ya msimbo aliyoiundia, ili yeyote mwenye akili kunishinda (yaani karibu kila mtu) aifungue, arekebishe kasoro, kisha arudishe diski tuwagawie wengine. Watu walikuja chumbani kwake mtaa wa Dallas, hapa Embu, kutoka Karurumo hadi Meru, na kabla hajauliza umeleta nini alikuvutia kiti na kukumiminia chai.

Nilipoachiwa kazi yake, nilikibeba kile kiti nikakifungia nyumbani. Sikutaka mtu akikalie. Basi wageni wakawa wanasimama, na mgeni aliyesimama anakuchosha haraka, kwa hiyo nikabandika mlangoni karatasi ya masharti kumi na manne, la kwanza likisema usiulize swali kabla ya kusoma mengine. (Mimi mwenyewe niliishia darasa la nane.)

Oktoba akaja Mwalimu Marigu, mama mmoja kutoka Ishiara, na diski mkononi. Akanieleza, akiwa amesimama, kwamba huku kwetu mjukuu hupewa jina la babu yake, na programu ikikuta majina yanafanana inamfanya aliyekufa na aliye hai kuwa mtu mmoja. Alikuwa ameirekebisha. Nikamwambia diski zinapokelewa Alhamisi, na maelezo yawe yamepigwa taipu. Ilikuwa Jumanne.

"Njeru alikuwa akipokea hata Jumapili," akasema.

"Njeru amekufa," nikamjibu, na akaenda na diski yake.

Novemba ikafika ibada ya kuwakumbuka marehemu. Kamati ya kanisa ilikuwa imesema wazi: orodha ikitoka vizuri programu itabaki, ikiharibika tunarudi kwenye vitabu, na kazi ya Njeru inaishia hapo. Nikaichapisha, nikampa Mzee Kathuri, mzee wa kanisa, nikakaa mbele kama bwana harusi.

Akasoma, watu wameinamisha vichwa. Alipofika "Ireri Nyaga, mtunza kompyuta," nikaitikia amina kwa sauti, ndipo nikakumbuka huyo ni mimi; babu yangu niliyerithi jina lake alichunga mbuzi maisha yake yote. Akafuata kiongozi wa kwaya, aliyekuwa amesimama palepale mbele ya waimbaji wake. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Kisha Mzee Kathuri akasoma jina lake mwenyewe na cheo chake, akavua miwani.

"Kama nimekufa," akasema polepole, "ni nani anawasomea?"

Hata hivyo kamati ikanipa hadi Jumapili iliyofuata niirekebishe. Nikaenda Ishiara siku ya soko, nikamkuta Mwalimu Marigu ameketi kati ya magunia ya ndengu, nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema atakuja Jumamosi.

Jumamosi alipofika, karatasi nilikuwa nimeibandua na kiti kiko mahali pake. Akakipangusa vumbi kwa leso, akakaa, akaingiza diski yake, akaandika jina langu. Wakatokea Ireri Nyaga wawili, mmoja na mwaka wa kufa.

"Wewe ni yupi?" akaniuliza.

Nikasema ni yule wa kuchemsha chai, nikaenda kuwasha stovu.