Ndege Aliyekosa Mkia: Fundi wa Masweta na Kompyuta ya Kaseti

Saa tatu asubuhi, fundi wa masweta anabonyeza kitufe cha redio kaseti, anakunja mikono na kusubiri. Spika inatoa mlio wa kukwaruza bati, ndivyo kompyuta inavyosoma programu kutoka kwenye kaseti. Kwa dakika nne hakuna anayeruhusiwa kugusa waya, hata mimi niliyemzaa.

Mlio unakoma. Mistari ya rangi kwenye televisheni inatulia.

"Imekubali," anasema, kisha anavuta kigari cha mashine ya kufumia kutoka kushoto kwenda kulia. Sindano mia mbili zinaitika moja moja.

Naandika habari za binti yangu huyu kwa fahari, sifichi. Lakini naandika pia kuwaonya wenzake wanaopenda vyombo hivi, maana nilimwona alivyolia.

Mwaka jana mashine yake ilikufa ubongo, ile sehemu inayochagua sindano za kuchora nembo. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Wakati huo shule ilikuwa imemwagiza masweta sitini yenye ndege kifuani, kabla ya baridi kuanza. Akishindwa, kazi inakwenda kiwandani, naye anafunga karakana.

Mjomba wake, fundi redio mstaafu, akampa boksi lenye kompyuta yake ya zamani, ichukue kazi ya ubongo huo. Ni kibodi tu, unaichomeka kwenye televisheni. Kumbukumbu yake nzima haitoshi picha moja ya simu.

Mume wa dada yake alicheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hicho kitu tagishia kuku."

"Sawa, ila usije kuniomba mayai," fundi akamjibu.

Kompyuta hiyo ina lugha yake ya kuiandikia maagizo iliyokuja nayo, Besiki. Ni rahisi, ila ni nzito. "Kigari kimeshafika sindano ya arobaini, yenyewe bado inawaza ya kumi na mbili," anaeleza. Ikabidi aandike kwa lugha ya ndani ya kompyuta yenyewe, na hapo unahitaji programu ya kukutafsiria.

Kwenye boksi la mjomba zilikuwamo mbili, kila moja na kaseti yake: kubwa yenye rangi na msaada wa kila namna, na ndogo isiyo na chochote cha kupendeza.

"Mjomba alisema nichukue ndogo. Nikaona ananifanya mtoto."

Akachukua kubwa. Kumbe ile kubwa iliingia kwenye kumbukumbu kama mgeni aliyekuja na mabegi yote, mwenye nyumba akabaki kusimama mlangoni. Baada ya wiki tatu za kuandika, akaiendesha kazi yake. Ndege akafumwa kichwa, mbawa, miguu, halafu basi. Mkia ulikosa nafasi ukaandikwa juu ya programu yenyewe. Kompyuta ikaganda.

Ikiganda, dawa yake ni kuchomoa waya, na ukichomoa waya kila kilichomo kinapotea. Naye hakuwa amerekodi hata mstari mmoja.

"Nilisema nijaribu kwanza, nikiridhika ndiyo nirekodi. Mama, kosa langu ni hilo tu."

Mimi niliishia darasa la saba, ya kompyuta siyajui. Nilimmiminia chai.

Kesho yake alichukua kaseti ndogo. Akamchora ndege upya kwenye daftari la hesabu la mirabaraba, kila kijumba sindano moja. Tangu siku hiyo hajaribu kitu kabla hajakirekodi kwenye kaseti mbili na kuisikilizisha kompyuta, ikiri kwamba zinasomeka.

Masweta sitini yalikamilika siku nne kabla ya tarehe. Mjomba alikuja, akavaa miwani, akakagua moja.

"Mkia mrefu kidogo."

"Mjomba, huo ni pamoja na ule uliopotea."

Kwa hiyo nyie wenzake, msidanganywe na chombo chenye mapambo. Chukueni kinachowaachia nafasi ya kazi yenu. Na rekodini kabla ya kujaribu, hata kama mna hakika. Mwenye hakika ndiye niliyemwona akilia.

Sasa fundi anawajua wafumaji wanne ambao mashine zao zimefunikwa mashuka kwa ugonjwa huohuo. Anataka kumrekodia kila mmoja kaseti yake na kumfundisha. Mume wa dada yake ameshaanza kumtafutia kompyuta za namna hiyo, na habari za kuku hazitaji tena.

Kati ya zile kaseti mbili za ndege, ya kwanza inakaa karakana. Ya pili amenikabidhi mimi. Iko kwangu, ndani ya mkebe wa bati, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa.