Chumvi na Mkaa Nyuma ya Duka la Minza

Joakim alichoka kabla hajazeeka. Alizaliwa Malampaka, umeme akajifunzia kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na pamba ilipoachiwa wafanyabiashara binafsi, kiwanda kikafungwa. Akaja Bariadi na bisibisi zake, akawa anafunga umeme kwenye maduka yaliyokuwa yakiota kila kukicha.

Zamani kazi ilikuwa nyepesi. Nyumba nyingi zilikuwa na nyaya mbili tu, basi. Baadaye sheria ikataka waya wa tatu, ule wa kijani, unaoshika bati la chombo na kuupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Mafundi wakaufunga kwenye bomba la maji la chuma, wakaenda zao. Biashara ilipoachiwa huru yakaja mabomba ya plastiki. Watu wakang'oa yale ya chuma kwa furaha, na waya wa kijani hakuna aliyeukumbuka. Plastiki haipeleki umeme popote. Ndipo wakaguzi wakaanza kudai kila jengo liwe na fimbo yake ya shaba, ifukiwe kwa chumvi na mkaa, imwagiwe maji ili udongo wetu mkavu upitishe umeme.

Sasa niambie, nani Usukumani atafukia chumvi na mkaa nyuma ya nyumba ya mtu asiulizwe? Sisi tunajua vitu vinavyofukiwa kwenye miji ya watu. Wakaguzi hawakufikiria hilo, na Joakim alikuwa amechoka kueleza.

Jirani yangu Minza, mjane, alinunua friji la mtumba la kupozea soda. Joakim akaja, akafukia fimbo yake wenyeji wakiwa shambani wanachuma pamba. Jioni Mahona, shemeji yake Minza, akaona udongo mbichi. Akachimba. Alipokuta chumvi, mkaa na shaba, akasema hiyo ndiyo dawa ya kummalizia na mjane baada ya mumewe. Akaing'oa fimbo, akaitupa mtoni.

Tangu hapo friji likawa linauma. Mwanzoni lilimtia Minza ganzi ya vidole, akawa anavaa kandambili kila anapolifungua. Halafu asubuhi moja, sakafu imetoka kupigwa deki, yuko pekupeku, likamrusha hadi ukutani. Tulimwokota hajui jina lake.

Kesho yake Joakim akaitwa. Aliukuta waya wa kijani unaning'inia, na machozi yakamlenga. Halikuwa duka la kwanza kufanyiwa hivyo.

"Mwadila, baba," akamwamkia Mahona.

"Mwadila. Umekuja kuzika tena?"

"Nimekuja kuzika mbele yako. Shimo chimba wewe."

Mahona akachimba. Akailamba chumvi aliyokuja nayo Joakim, akauvunja mkaa, akaunusa. Joakim akatia fimbo nyingine, akaizungushia chumvi na mkaa, akafunga waya, akamwaga maji. Bado uso wa Mahona haukulegea.

"Kama si dawa, lishike hilo friji. Mimi nawasha."

Hakuna fundi anayepaswa kukubali jambo hilo. Lakini Joakim alijua akikataa, fimbo itang'olewa tena, na Minza safari ijayo hatainuka. Tukaingia wote dukani. Akaweka kiganja kwenye mlango wa friji, akafumba macho.

Mahona akawasha. Pa! Friji likanyamaza.

"Dawa yako imeliua!" Mahona akapiga kelele.

"Imekatika fyuzi tu, baba." Sauti ya Joakim ilikuwa ya mtu anayetaka kulala. "Friji ni bovu, umeme unavujia kwenye bati. Leo umepata njia ya kwenda chini, fyuzi ikakatika. Jana njia ilikuwa Minza."

Minza alikuwa mlangoni, anasugua kiwiko. Mahona akamtazama, kisha akachukua jembe, akarudi nyuma ya duka, akalifukia lile shimo yeye mwenyewe, akalishindilia kwa kisigino. Akaenda ndani, akatoka na ndoo ya maji, akamwaga pale juu.

"Fundi, maji yanatosha?"

Joakim alikuwa ameshakaa chini, kando ya shimo.

"Ongeza," akasema.