Kilio Bila Maiti

Kule Karuba, vilimani magharibi mwa Goma, Mungu anaaminika kuwa na masikio mazito. Kila kanisa lina bafle zake, yaani vipaza sauti, na Jumapili zinaelekezwa ng'ambo ya bonde, kuwashinda waumini wa kilima cha pili. Katikati ya makelele hayo anaishi Papa Esdras Sebahire, mkulima wa viazi, ambaye husali bila kusema neno.

Kimya alikiokota ukimbizini, upande wa Burundi, kwa wafuasi wachache wa dhehebu la Marafiki waliomkaribisha ibadani. Hapakuwa na mhubiri wala kwaya. Watu walikaa, wakamngoja Mungu. Akigusa moyo wa mtu, mtu huyo alisema. Asipogusa, walipeana mikono wakaenda kula. Sebahire alipenda hasa kunyamaza pamoja na wenzake. Kunyamaza peke yako, alisema, hata ng'ombe anaweza.

Aliporudi, mke na watoto walibaki Goma kwa sababu ya shule na risasi. Akaweka mabenchi sebuleni, akaalika majirani. Wote walikubali kwa adabu, na hakuja mtu.

Akawa anakaa peke yake. Mwanzoni mawazo humwenda mbio: viazi vinavyooza, bati linalovuja, mke ambaye maneno yake ya simu yanazidi kupungua. Kisha yanashuka polepole, kama udongo katika maji ya mto yaliyoachwa kwenye beseni. Na yakishatulia, anaona wazi zaidi kwamba chumba ni kitupu.

Jumapili moja ya mvua, jirani yake Mama Jeannette alipita, akaona mlango wazi, moto umezimwa, redio kimya, mwanaume ameinamisha kichwa. Pale Karuba hiyo ina maana moja tu. Akaenda kuita watu.

Walikuja na kuni, mikeka, na kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi. Wakakaa, wakanyamaza, maana penye msiba mwenye nyumba ndiye huanza kusema. Mabenchi yakajaa. Sebahire akafungua jicho moja, akalifumba. Mvua ikapiga bati. Ilikuwa ibada kamili, na aliyelijua hilo alikuwa yeye tu.

Alijua pia kwamba akiendelea kunyamaza, watabaki. Hata jina la kutaja lingepatikana: nani katika vilima hivi amekosa maiti? Lakini Marafiki walimfundisha vilevile kusema kweli, na somo hilo halikuwahi kumgharimu kitu hadi siku hiyo.

Mwishowe Papa Nestor, mkubwa wa nyumba kumi, akamsogelea. "Papa Esdras, ujikaze. Njo nani alikufa?"

"Hapana muntu alikufa, Papa Nestor."

"Sasa tuko tunalia nani?"

"Niko nasali."

Watu wakatazamana.

"Kusali gani hii?" akauliza Mama Jeannette. "Mungu si atafikiri tumelala?"

"Mubakie kidogo," akasema Sebahire. "Tulikuwa tumeanza vizuri."

"Mie niliacha maharagi ku moto ju yako, Papa," akasema Mama Jeannette.

Walicheka bila ubaya. Kuni zikabebwa tena, kwa kuwa kuni za kilio haziachwi pasipo kilio. Kasiksi waliinywa njiani. Nestor aligeuka mlangoni.

"Na siku utafiwa kweli, tutajua je?"

Sebahire akarudi kwenye benchi lake.

Tangu hapo watu hupita tu. Mama Jeannette peke yake ndiye huuliza kutoka njiani: "Papa, ni kilio ao ni kusali?"

"Ni kusali, Mama."

"Haya." Na hatua zake zinaendelea.

Jumapili iliyopita Sebahire hakujibu. Haukuwa uongo, alinyamaza tu. Mama Jeannette akasimama na kapu kichwani, akingoja. Hakuita tena, wala hakuondoka. Wakanyamaza hivyo, yeye njiani na Sebahire ndani, muda mrefu kuliko Sebahire alivyotarajia.

"Papa," hatimaye akasema, sauti imeshuka, "nilikukosea nini?"

Ikabidi Sebahire atoke nje, amwambie kwamba hakumkosea kitu.

"Kumbe ni kusali?"

"Ni kusali."

"Haya," akasema Mama Jeannette, akatengeneza kapu, akashuka mlima.