Jani la Padri Mkuu

Wifi yangu Savariyammal alizoa majani ya mgomba kwenye bwalo la chuo cha mapadri Wajesuiti, hapa Tiruchirappalli, miaka thelathini na minne. Kabla yake alizoa mama yake, tangu enzi vijana wa Kibrahmini, tabaka la juu kabisa, walipokuwa wakila chumba chao na wengine chao. Baadaye mapadri waliuvunja ukuta wa katikati, wakajisifu. Nikamwambia wifi, maana nami nilikuwa nikizoa naye, ukuta umeanguka, lakini wazoa makombo ni walewale wa mtaa wetu, tunaoitwa najisi.

Jani halina maneno. Mtu anakula, analikunja, tunatupa. Sahani ndiyo huulizwa imeoshwa na mkono wa nani. Kwa hiyo tuliposikia sahani za chuma zinakuja, wifi akajua kazi imekwisha. Watatafutwa waoshaji wa koo nyingine.

Padri Mkuu alikuwa mgeni, Gaspar Miranda, mtu wa Goa, mwenye kucheka kila saa. Anayecheka kila saa ana lake.

Siku chuo kilipotimiza miaka tisini tulitandika majani mia nane. Ikasomwa historia: padri gani alijenga kanisa, padri gani alileta darubini. Mama yake wifi hakutajwa. Sisi tulikuwa nyuma ya mlango na ndoo zetu. Padri Mkuu akamaliza payasam yake, ule uji mtamu wa maziwa, akalikunja jani kwa kulisukuma mbele.

Kwetu jani la sherehe hukunjwa kuja kwako. La kusukumwa mbele ni la matanga.

"Umeona?" wifi akaninong'oneza. "Ametuzika."

"Mgoa yule, hajui."

"Kasoma Roma miaka minane, kukunja jani kumshinde?"

Akatoka na ndoo yake, akalikunjua lile jani mbele ya wageni, akalikunja upya kuelekea kwa padri.

"Nimekosea, mama?"

"Umetangaza msiba, Padri. Wa nani?"

Padri akaona haya. "Nisamehe. Kwetu tunakula kwenye sahani."

"Na hizo zinazokuja, ataziosha nani?"

"Kamati bado inajadili."

"Kamati haina mikono."

Padri safari hii hakucheka. Akatazama huku na huku, akasema, "Mtaziosha nyinyi. Wewe na wenzako."

"Rudia, na hao wasikie."

Akarudia kwa Kitamil chake cha kuvunjikavunjika. Wageni wengine wakainamia wali wao.

Sahani zikaja Juni, na wifi akaziosha mpaka alipostaafu. Lakini hakumwamini mtu. Kila mlo alisimama mlangoni kuangalia nani anatoa leso na kuifuta tena sahani iliyokwisha kuoshwa. Walikuwepo watano. Alinitajia majina kabla hajafa. Mmoja leo ni profesa palepale, anafundisha habari za usawa.

Nikikutana naye sokoni ananisalimia vizuri sana. Mimi namtazama mikono.