Mkwe Mlamba Mawe

"Umelikata jiwe langu la kusagia!"

"Kipande tu, mama. Kama ukucha."

Ukucha wa tembo, labda! Huyu ndiye mkwe niliyepewa, msomi wa mawe. Vidole vyake ni vyeupe kwa vumbi saa zote, sauti yake ni ya chini kama anaogopa kuyaamsha, na kila jiwe lazima alilambe, eti likilowa punje zake zinaonekana. Jiwe lile niliachiwa na mama yangu, limesaga unga wa kufukia mlima! Nikiwa bado nafoka, yeye kashanisahau, analamba pale alipokata.

"Tazama, mama. Punje hii nyekundu na hii nyeupe zilikaa kimya, hadi joto la ardhini lilipozikuta zimegusana. Zikaanza kulana mpakani. Huu utepe wa kijani katikati si wa hii wala si wa ile, zimeuzaa pamoja."

Alilisema hilo kwa upole ambao sijawahi kumsikia akimsemesha nao mke wake, mwanangu. Nikazidi kuwaka.

"Na mwanangu atasagia nini, huo utepe?"

Mlango ukalia. Mwanangu akaingia na beseni la ulezi, akauliza jiwe liko wapi. Mkwe akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshalikalia, kanga yangu imefunika pale alipokata.