Siku Nilipopigwa Ngeu

Udongo mwekundu ukilowa maji hutoa harufu kama ya chuma kilichonyeshewa. Maseremala wanaijua, kwa sababu humo ndimo wanamochovya ngeu, ule uzi wao wa kupigia mistari kwenye mbao. Nimekaa miji mingi, na hakuna hata mmoja ulionizoea. Lakini kokote nilikopita, harufu hiyo ikinifikia kutoka banda la fundi, mimi hurudi kuwa mtoto wa darasa la tatu, kifua wazi, mgongo ukutani.

Kijijini tulifika kwa lori. Baba alikuwa ameachishwa kazi ya mkonge Korogwe, akaamua turudi kwao Handeni, kwenye kijiji kipya cha ujamaa ambako mama yake alikuwa amekwisha hamishiwa. Tuliondoka Manundu, mtaa wetu wa Korogwe, alfajiri, juu ya magunia ya chumvi ya duka la ushirika. Lori likakwama korongoni, tukashuka tukasukuma, tukapanda, likakwama tena. Tulipofika, nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na nyumba zote zilinitazama zikiwa zimejipanga mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha.

Bibi hakuipenda mistari ile. Alituonyesha mambo za miti, vile vigingi vya wapimaji, zilizobaki ardhini. "Walipita hapa na kamba," alisema. "Wakapima, wakaandika, wakaondoka. Baadaye sisi nasi tukaondolewa kwetu. Kamba ikipita mahali, mjue kuna mtu anahama." Nililala na maneno hayo kwa muda mrefu.

Shule ilikuwa na mwalimu mmoja aliyetupenda kuliko tulivyostahili, Mwalimu Shemndolwa, Mshambaa wa Dindira, huko milimani kwenye chai na ukungu. Alikuja kwetu kwenye joto na sweta lake, na hakulivua. Tulimcheka tukachoka. Mchana, baada ya kazi ya shamba la shule, alitufundisha useremala, na huku tunapiga randa alitusimulia habari za mchoraji wa Italia aliyeishi zamani, kabla Wareno hawajajenga ngome yao Mombasa.

Mtu huyo, alisema, alimchora mwanamke ambaye mpaka leo watu wanabishana kama anatabasamu kwa furaha au kwa dharau. Alinunua ndege waliofungwa sokoni akawaachia, aone wanavyokunjua mabawa, maana alitaka kumtengenezea binadamu yake. Alichora mizinga, madaraja, mitambo ya kupandisha maji. Kazi nyingi aliziacha nusu, akakimbilia nyingine. Tena alikuwa mshoto, na aliandika kutoka kulia kwenda kushoto.

"Kama Kurani chuoni!" alidakia Mwanaidi, aliyekuwa akikaa mbele yangu. "Kumbe Mwislamu!"

"Mwislamu wapi, Italia kwa Papa?" akajibu kijana mmoja wa Kilutheri, na randa zikasimama. Mwalimu akatuamua: mtu yule alikuwa wa wote, kwa kuwa aliuliza maswali ya wote. Akaongeza kwamba alipasua hata maiti, aone damu inapita wapi, ili akichora mkono ajue kilicho chini ya ngozi. Kila mmoja aliutazama mkono wake.

Siku moja alitaka kutuonyesha picha maarufu ya mtu huyo: mwanamume aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara. Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mwembamba na mbavu zangu zilionekana bila kutafutwa. Nikavua shati, nikasimama kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

"Nyoosha mikono kama unampokea mjomba aliyetoka safari!"

Akanipima urefu kwa uzi, kisha upana, kidole hadi kidole. Vilikuwa sawa! Darasa zima likapiga kelele, watu wakaanza kupimana hovyo. Mwalimu akauchovya uzi kwenye udongo mwekundu, akaupiga kifuani, kiunoni, magotini, mistari ikaruka mpaka ukutani. Kisha akanizungushia mchoro kwa udongo uleule mara mbili: mikono chini na miguu pamoja, kisha mikono juu na miguu imetanuliwa. Nilipojitoa, kivuli changu chekundu kilibaki pale na mikono minne na miguu minne.

Nilikimbia nyumbani kifua wazi, nikijivuna. Bibi alikuwa akikoroga kisamvu.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, "nani kakufanya hivi?"

"Mwalimu kanipiga ngeu!"

Mwiko ukasimama. Wasomaji wangu mnajua neno hilo lina sura ya pili. Ngeu ni uzi wa fundi, lakini pia ni damu inayotoka kichwani mtu akipasuliwa. Bibi hakuwahi kuishi na seremala. Alinishika kichwa, akakipapasa chote.

"Damu kaitoa wapi?"

"Mwili mzima. Kanipima kwanza, kwa uzi. Na yuko Mtaliano anapasua watu aone damu inapopita."

Kila neno lilikuwa kweli. Lakini kwetu anayepimwa kwa uzi, urefu na upana, ni yule anayechimbiwa kaburi. Na nani asiyewajua mumiani, wanaonyonya watu damu wakaiuze? Bibi alifunga kanga kiunoni akatoka bila kufunika chungu.

Alasiri hiyo watu waliotoka shamba la kijiji walikwenda shuleni moja kwa moja, mapanga yakiwa mkononi. Bibi alinikokota. Walipouona mchoro, mama mmoja akaguna, "Mikono minne! Wamemtoa wawili: mmoja wa kubaki, mmoja wa kuuzwa." Nilijigusa kifua nijue mimi ni yupi.

"Ndugu Mwalimu, eleza," alisema mwenyekiti wa kijiji.

Mwalimu akaeleza uwiano wa viungo. Neno uwiano liliwakasirisha zaidi. Basi akavua sweta, akavua shati, akaenda kujisimamisha juu ya mchoro wangu, mikono wazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bibi alijibu. Adabu ilimponyoka kabla ya hasira.

"Uzi ule pale. Nipime wewe mwenyewe. Kama ni wa kaburi, nitangulie mimi."

Bibi akampima. Akarudia, maana hakuamini kwamba mtu ana upana sawa na urefu wake. Kisha akauvuta uzi akauachia kifuani kwa mwalimu, pa! Watu wakashtuka. Mzaha ukatoka nyuma: "Mpimeni na mwenyekiti, tuone kama uzi utamtosha!" Mwenyekiti akakataa katakata, watu wakacheka, mapanga yakashuka. Mimi nilikuwa nikiangalia vidole vya mwalimu. Vilikuwa vikikwaruza chokaa ya ukuta. Nilidhani ni baridi, kwa sababu alikuwa amevua sweta.

Lakini watu walipotawanyika, mzee mmoja alisema bila kupaza sauti, "Haya. Tutangoja. Mtoto huyu akianguka, tutajua."

Kuanzia hapo mwalimu alianza kuniuliza kila asubuhi, "Umeamkaje? Umekula?" Alinitoa kwenye zamu ya kuchota maji, akanikataza kupanda miembe. Nilihisi anajua ninakufa na hataki kuniambia. Nilikuwa nikisikiliza moyo wangu kama mtu anayesikiliza mwizi.

Masika yakaja, na homa ikaja nayo. Meno yaligongana mpaka kitanda kikalia. Bibi alifunga mlango. Nje nikamsikia jirani akiniulizia, na Bibi akijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mume wangu? Kaenda Makuyuni kwa shangazi yake." Nikaamini basi nimekwisha kuhesabiwa miongoni mwa walioondoka. Bibi alirudi na vidonge vichungu vilivyofungwa kwenye karatasi yenye vumbi la chaki, akaniziba mdomo kwa kiganja nisilie. Baba alipouliza kwa nini nisipelekwe zahanati, alimjibu, "Zahanati iko katikati ya kijiji, na wote wanangoja."

Nilipona. Haikupita muda, mwalimu akahamishwa. Wengine walisema aliomba mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka kwake Bibi aliniogesha kama bwana harusi, akanipaka mafuta ya nazi mpaka nikang'aa, akanipeleka nyumbani kwa mwalimu. Alinitwisha sanduku la mwalimu kichwani.

"Utapita njia ya katikati," alisema. "Mbele yake. Na utembee polepole."

Nikatembea. Watu walikaa vibarazani pande zote mbili, nami nikawaamkia mmoja mmoja: shikamoo mzee, shikamoo mama. Mwalimu alinifuata hatua moja nyuma, hadi kwenye lori la Korogwe. Kila nilipotaka kuharakisha, Bibi alinikemea kutoka pembeni: "Polepole, nimesema!" Nilidhani anaogopa nitaangusha sanduku.