Sahani ya Maua ya Shangazi

Sikiliza, ndugu yangu, nikusimulie habari ya sahani. Juzi nilimtembelea jirani aliyerudi kutoka kwenye matibabu ya saratani. Nilipoona chakula chake kimetengwa peke yake, nikakumbuka mchana mmoja kijijini kwetu Mtama, nilipokuwa mtoto.

Maduka yalikuwa yameanza kujaa bidhaa za nje, na shangazi Somoe alinunuliwa sahani mpya yenye maua. Sisi wengine tulizunguka sinia moja la ugali wa muhogo na kisamvu. Yeye alikaa kibarazani peke yake, akinukia udi aliofukiziwa ili kufunika harufu ya kidonda cha titi. Mimi niliona amependelewa. Nikamfuata, nikanyoosha mkono.

"Shangazi, na mimi nionje cha kwenye maua."

Akaifunika sahani kwa kanga. "Hii yangu mwenyewe. Nenda kwa wenzio, mdoezi wee!"

"Mchoyo!" nikamwambia, nikarudi nikilia. Mchana ule hakuifunua tena ile sahani.

Sasa najua alidhani ataniambukiza, kama walivyodhani wote nyumbani. Uvimbe wake ulianza bila maumivu, akauacha mpaka ukawa kidonda. Angewahi kupimwa, huenda angepona. Lakini saratani haiambukizwi kwa kula pamoja, na upweke ule hakustahili kuupata.

Basi ukienda kumwona mgonjwa wa saratani, nawa mikono vizuri usimpelekee wewe vijidudu, kaa karibu naye, mle sahani moja.